Waliosimama Mlangoni: Kiti cha Unguja Kikitazamwa Kutoka Funzi

Kutoka Bodo kwenda kisiwa cha Funzi si mbali, ila safari yenyewe hupangwa na maji. Yakijaa, mashua hupita juu ya mizizi ya mikoko bila taabu na kukusogeza hadi mchangani. Unashuka viatu mkononi, maji yakikufika magotini. Yakipwa, pale palipokuwa bahari huwa tope jeusi linalonata, kaa wakikimbizana, na nahodha asiyeujua mkondo hukaa akingoja maji yarudi. Kaskazini ya Funzi iko Gazi. Mto Ramisi unamwaga maji yake katika ghuba ya Funzi. Kusini ni Shimoni na Wasini, na ukiendelea utafika Vanga, mpakani. Hii ni pwani ya Kichifundi na Kivumba, lahaja za Kiswahili ambazo mgeni wa bara akizisikia hudhani ni lugha nyingine kabisa.

Naanza na maji kwa sababu katika habari hii yupo mtu aliyekuwa sultani kwa siku 2 tu, na aliyeokolewa na maji kujaa. Naanza na Funzi kwa sababu vitabu vyetu husimulia habari za kiti cha Unguja kana kwamba zilianza na kwisha ndani ya Mji Mkongwe. Si kweli. Kisiwa hiki, pamoja na ukanda mzima wa maili 10 kutoka ufukweni, kilikuwa kwa sheria mali ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963. Mfalme akifa Unguja, watu wa huku hawakuulizwa ni nani amrithi, lakini ugomvi ukizuka, moshi wake ulifika mpaka huku.

Ukikaa na orodha ya masultani wa Zanzibar, jambo la kwanza linalokushika ni kwamba kiti hakikushuka moja kwa moja kutoka kwa baba hadi mwana. Baada ya Seyyid Said bin Sultan walitawala wanawe 4 wakipokezana: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Kisha akaja mjukuu, Hamad bin Thuwaini, kisha mjukuu mwingine, Hamoud bin Muhammed. Hapakuwa na sheria iliyosema mkubwa ndiye mrithi. Kila aliyekuwa na damu ya Said aliweza kudai. Kwa hiyo swali lililoamua mambo lilikuwa jingine: mfalme anapokata roho, nani anashika funguo za jumba? Nani anawaamrisha askari? Nani yuko karibu na sanduku la fedha? Majibu ya maswali hayo yalikuwa mikononi mwa watumishi wa enzi: mawaziri, majemadari, maakida, makarani, maliwali. Hao ndio ninaotaka tuwatazame.

Kabla ya Wabusaidi, ukoo wa Seyyid Said, pwani hii ilikuwa na wafalme wake yenyewe. Vumba Kuu, karibu na Vanga ya leo, ilitawaliwa na madiwani wa nasaba ya masharifu. Masimulizi ya Wavumba yalikusanywa na ofisa mmoja Mwingereza, A. C. Hollis, akayachapisha mwaka 1900, na humo mna habari za jinsi Vumba ilivyoishinda miji ya Washirazi ya ukanda huu. Mtu hakuwa diwani kwa kuzaliwa tu. Alifungwa kilemba mbele za watu, siwa ikapulizwa, ngoma za enzi zikapigwa, karamu ikaliwa. Unguja nako Mwinyi Mkuu, mfalme wa wenyeji aliyekaa Dunga, alikuwa na ngoma zake na siwa zake, na wa mwisho wao alifariki 1873, miongo kadhaa baada ya Wabusaidi kuishika nchi. Mimi naona maana kubwa katika kilemba kile. Aliyekifunga alikuwa mzee wa mji, na mji ulikuwepo ukitazama. Mrithi ambaye wazee wamemkataa hakuwa na wa kumfunga kilemba. Hayo yakaja kubadilika, na mabadiliko yenyewe yalianzia kisiwa kingine, Mombasa.

Wamazrui walikuwa maliwali wa Mombasa waliotumwa na Oman, na tangu karne ya 18 wakajitenga na Wabusaidi na kutawala kwa nafsi zao. Mwaka 1835 akafariki liwali Salim bin Ahmed. Wenyewe kwa wenyewe wakagombana juu ya nani ashike baada yake, hadi Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, akashinda. Lakini ugomvi ulikuwa umekwisha kuwaudhi wakubwa wa Thelatha Taifa, Waswahili wa upande wa Kilindini, ambao bila wao hakuna liwali aliyeweza kukaa Mombasa kwa amani. Hao ndio waliomwita Seyyid Said. Mwaka 1837 ngome ikawa yake. Rashid bin Salim na jamaa zake wengi wakaalikwa barazani, wakakamatwa humo humo, wakapakiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Waliobaki wakatawanyika. Tawi moja likaenda kaskazini, Takaungu. Tawi jingine likaja kusini, likaweka makao Gazi, hapa jirani na Funzi. Miongoni mwa waliokulia upande huu alikuwamo mwana wa yule Rashid bin Salim wa Mombasa, jina lake Mbaruk. Huyu Mbaruk bin Rashid aliishi maisha yake yote akijua kwamba baba yake alikuwa mtawala na kwamba alikamatwa akiwa mgeni katika baraza. Sidhani mtu anaweza kuelewa vita vya 1895 bila kukumbuka baraza ile ya Mombasa.

Unguja kwenyewe mambo hayakuwa matulivu. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, ndani ya manowari yake Victoria, akirejea kutoka Oman. Mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Mwili ukashushwa pwani usiku, kimya kimya, ukazikwa, na usiku huo huo Barghash akajaribu kukishika kiti kabla mji haujaamka na kujua kwamba mfalme amefariki. Hakufaulu. Aliyekuwa akiishika nchi bwana wake akisafiri, mzee Suleiman bin Hamed, alikuwa upande wa Majid, na mlinzi wa jumba akishakataa, mwana wa mfalme hana la kufanya. Miaka 3 baadaye Barghash akajaribu tena. Safari hii karani wa njama alikuwa dada yake, Salme, binti wa miaka 15 hivi aliyejifundisha kuandika mwenyewe katika nyumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma tu. Barua za siri zilitoka mkononi mwake. Njama ikavunjwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akaja kuyaandika yote hayo kwa Kijerumani katika kumbukumbu zake za 1886.

Pale, mwaka 1859, alijitokeza mtumishi mpya mlangoni: konseli wa Kiingereza. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana mkuu wa India, ndiye aliyeamua kwamba Unguja na Muscat zitengane, Majid alipe kaka yake wa Oman riali 40,000 kwa mwaka. Watoto wa baba mmoja waligombea urithi, na hukumu ikatolewa Calcutta. Barghash mwenyewe alipopata kiti mwaka 1870, baada ya kifo cha Majid, alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1877 akamchukua luteni mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, amfundishie askari. Kijana huyo akawa jenerali wa Sultani, na mwaka 1891 akawa waziri wa kwanza wa serikali yake. Likumbuke jina lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mkataba wa 1890 uliowaweka Wazanzibari chini ya himaya ya Uingereza, lilikuwa limeshaingia sharti fupi: hakuna atakayekalia kiti bila idhini ya Waingereza. Kilemba sasa kilikuwa kinafungwa na mtu asiyekuwa wa mji.

Sasa turudi huku kwetu, maana vita vya kwanza vya sharti hilo vilipiganwa Kwale na Kilifi.

Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Kwa desturi ya ukoo, aliyestahiki kushika alikuwa mtu mzima wa nyumba ile, naye pia aliitwa Mbaruk bin Rashid. Msomaji asimchanganye na Mbaruk wa Gazi. Lakini ukanda wa pwani wakati huo ulikuwa umekodishwa kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na maofisa wake hawakumtaka. Wakamweka Rashid bin Salim mwingine, si yule wa Mombasa, mwana wa marehemu huyu, kijana, ambaye waliona ataelewana nao. Kwa macho ya ofisi uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana mwana alimfuata baba, na alikuwa rafiki. Kwa macho ya Wamazrui ilikuwa ni aibu: mdogo kawekwa juu ya mkubwa, na aliyemweka ni mtu wa dukani.

Mbaruk wa Takaungu akatoka mjini na wafuasi wake. Alipofukuzwa kaskazini alikimbilia kusini, kwa Mbaruk wa Gazi. Hapa ndipo pananigusa kila ninapopita barabara ya Lunga Lunga na kukiona kibao cha Gazi. Mbaruk wa Gazi alikuwa mzee sasa, alikuwa amepigana na masultani mara kadhaa, na kwa miaka ya karibuni alikuwa amekaa kimya huku akipokea fedha za Kampuni. Hakuwa na sababu ya kupoteza alivyo navyo kwa ajili ya ugomvi wa Takaungu. Waingereza wakamtaka awatoe jamaa zake waliomkimbilia. Akakataa. Kwa mtu ambaye baba yake alitolewa ndani ya baraza, kuwatoa wageni wake lilikuwa jambo lisilowezekana.

Manowari zikaja Gazi. Mbaruk alikuwa ameshaondoka kwenda Mwele, boma lake la msituni upande wa vilima vya Shimba. Tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ikapigwa na kutekwa. Aliyeongoza jeshi hilo la majini alikuwa Admirali Harry Rawson, na Jenerali Mathews, waziri wa Sultani, alikuwamo vitani na akajeruhiwa. Vita havikuishia hapo. Vilisambaa kutoka Vanga hadi Malindi, Mtwapa nayo ikaingia, vijiji vikachomwa, na mwezi Machi 1896 serikali ikaleta kikosi cha askari wa Kibaluchi kutoka India. Aprili mwaka huo Mbaruk na watu wake wakavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, kwa gavana Hermann von Wissmann. Wakapewa hifadhi. Mbaruk hakuiona Gazi tena. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Wakati vita vikiendelea, tarehe 14 Desemba 1895, serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba na Sultani wa kuukodi ukanda huu kwa pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa, na Sultani akabaki na jina. Huku chini kikabaki kivuli cha enzi kwa watumishi wadogo: liwali Mombasa, mudiri katika miji kama Vanga, kadhi kwa mambo ya ndoa na mirathi. Mtu wa Funzi aliyetaka kujua serikali yake ni ipi alikwenda kwa mudiri, na mudiri alikwenda kwa ofisa wa wilaya. Sultani alikuwa jina katika khutba ya Ijumaa.

Tarehe 25 Agosti 1896, mwaka mmoja na siku chache baada ya Mwele, Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Kabla ya alasiri binamu yake Khalid bin Barghash alikuwa ameshaingia jumba la kifalme na askari wake. Ilikuwa mara yake ya pili. Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, Khalid aliingia jumbani vivyo hivyo, na Mathews na mwakilishi wa Uingereza wakamtoa bila damu kumwagika. Safari hii alikuja amejiandaa. Ndani ya jumba walikusanyika watu wapatao 2,800, askari wa ikulu, watumwa na watumishi, na raia wa mjini waliojipa silaha wenyewe. Mizinga ya Sultani ikageuziwa bandarini. Hamad akazikwa siku hiyo hiyo, na mizinga ya salamu ikapigwa kutangaza kwamba Khalid ndiye Sultani.

Nje ya jumba walikuwapo watumishi wa enzi ile ile. Mathews, waziri wa Sultani, alikuwa na askari 900 wa Kizanzibari chini ya ofisa Mwingereza. Wale waliokuwa ndani na wale waliokuwa nje wote walikula mshahara wa kiti kimoja. Hilo ndilo ninalomwomba msomaji alitazame vizuri, maana wengi hukumbuka manowari tu. Jeshi la Sultani lilikuwa limegawanyika mlangoni pa Sultani kabla ya mzinga wa kwanza kulia.

Admirali Rawson akafika na meli yake St George. Ni yule yule wa Mwele. Khalid akapewa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 Agosti ashushe bendera na kutoka. Hakushusha, aliamini Waingereza hawatapiga. Saa 3 na dakika 2 zikaanza Thrush, Racoon na Sparrow. Jumba la mbao na boriti, lililojaa watu, likaanza kuporomoka juu ya vichwa vyao. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyotiwa nanga bandarini, ikajibu kwa mizinga yake midogo na ikazamishwa; milingoti yake ilibaki ikichomoza majini mpaka 1912. Saa 4 haijafika bendera ikaangushwa kwa risasi na mizinga ikanyamaza. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa jumba. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Vitabu vya kigeni hupenda kuviita vita vifupi kuliko vyote duniani, na hesabu ya dakika hubishaniwa kama mchezo: 38, au 40, au 45. Naomba tuache kuvisimulia hivyo. Watu 500 ndani ya jumba moja ni mji mzima wa waliofiwa. Ni mpishi, ni mtunza taa, ni mlinzi aliyesimama mlangoni kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akisimama kila siku. Majina yao hayakuandikwa.

Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje usiku na mchana wamkamate akitia mguu barabarani. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba ikaja manowari ya Kijerumani Seeadler, na maji yalipojaa, mashua yake ikaingia hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani bila kukanyaga ardhi ya Unguja. Mtu wa Funzi hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua saa moja ya maji inavyoweza kugeuza mambo. Wakampeleka Dar es Salaam.

Kwa hiyo miezi michache tu baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, mji ule ule wa Wajerumani ulikuwa na wadai wawili wa enzi mbili. Mmoja alikuwa mwana wa mtawala wa mwisho wa Kimazrui wa Mombasa, mwingine mwana wa Barghash. Baba zao walikuwa maadui kwa nasaba. Wana wakala mkate wa ugeni mahali pamoja, wakiwa wametolewa na watu wale wale, katika Agosti mbili zilizofuatana. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa Visiwa vya Shelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kuishi Mombasa. Huko ndiko alikofariki, 1927.

Nimeuliza mara nyingi kwa nini shule zetu hufundisha Agosti ya 1896 na kuiruka ya 1895, ingawa sababu yake ni moja. Penye mrithi mwenye watu nyuma yake na mrithi mwenye ofisi nyuma yake, ofisi ilileta mizinga. Hamoud bin Muhammed aliwekwa kitini mchana ule ule wa mashambulizi, na Aprili 1897 akatia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria. Hilo lilikuwa jambo jema, na sitalificha. Miongoni mwa waliokuwa wakimuunga mkono Khalid, na Mbaruk pia, walikuwamo wengi walioogopa kupoteza watumwa. Wamazrui wa Gazi na Takaungu walikuwa na mashamba yaliyolimwa na watu wasio huru, na mtu anayesimulia ushujaa wa Mbaruk akaacha hilo anasimulia nusu. Lakini njia ya kupata mfalme ndiyo iliyokwisha kuvunjika. Hamoud alipofariki mwaka 1902, mwanawe Ali alikuwa bado kijana wa shule ya Harrow, Uingereza, na aliyeshika nchi kwa niaba yake hadi 1905 alikuwa A. S. Rogers, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza. Mtumishi wa mlangoni alikuwa ameingia ndani na kukaa.

Huku Kwale, mali za Wamazrui walioasi zilitwaliwa. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye kudai shamba aje na ushahidi, na lisilothibitishwa likawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mvuvi na mkulima wa vijiji vya kandokando ya ghuba hii, ambaye hati yake ilikuwa minazi aliyopanda babu yake, alikuwa na nini cha kupeleka ofisini? Malalamiko ya ardhi unayoyasikia Msambweni na Diani hadi leo yana mizizi mingi, na mmoja wao unaanzia pale Takaungu, kwenye kifo cha liwali na maofisa waliojipa kazi ya kumchagua mrithi.

Miaka ya mwisho niipite haraka. Sultani Khalifa bin Harub alitawala kwa utulivu kutoka 1911 hadi 1960. Mwanawe Abdullah hakudumu, na Julai 1963 akaja mjukuu, Jamshid bin Abdullah. Oktoba mwaka huo, London, serikali za Uingereza, Kenya na Zanzibar pamoja na Sultani zilikubaliana kwamba ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya, na Jomo Kenyatta kwa upande wa Kenya na Muhammad Shamte kwa upande wa Zanzibar wakabadilishana barua za kuahidi kulinda dini ya Waislamu na mahakama za Kadhi. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa huru, na siku hiyo Funzi ikatoka katika ufalme wa kisiwa. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi yakamng'oa Jamshid. Alipakia jamaa zake chomboni akaja hadi Mombasa, mji uliokuwa wake wiki chache nyuma, na serikali ya Kenya haikumruhusu kushuka. Aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akarudi Oman mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024.

Kati ya watumishi wote wa enzi ile, liwali ametoweka, mudiri ametoweka, na kadhi amebaki. Yumo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Na jambo moja zuri la historia yetu ni kwamba mwandishi mkubwa wa habari za Wamazrui alikuwa Mmazrui na kadhi: Sheikh al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki 1947, ndiye aliyeiandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu. Asingeiandika, tungekuwa tukisoma habari za Mombasa na Gazi kutoka ripoti za maofisa peke yake.

Vijiji vidogo havikupata Sheikh al-Amin wao. Mwele ilipopigwa, na mabaharia wenye bunduki walipopita Gazi, watu wa Funzi, Bodo na Shirazi walijificha wapi? Walimpelekea nani chakula? Walimwitaje Mathews? Hayo hayamo katika ripoti za admirali. Yamo, kama bado yamo, katika vichwa vya wazee ambao bibi zao waliyaona.

Mtu aliyezaliwa Funzi kabla ya 12 Desemba 1963 alizaliwa katika nchi ya Sultani, na leo amepita miaka 60. Kama unaye nyumbani, keti naye jioni, simu uiweke mkekani ikirekodi, umwachie aseme kwa Kichifundi chake bila kumsahihisha. Ukimaliza, ipeleke sauti ile kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe.